Anwani ya Hamsini na Moja

Vifaa vilikuwa saba, lakini vilivyoitika vilikuwa vinane.

Dada Komeo alihesabu tena, safari hii kwa kidole juu ya skrini, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na wenzake wote walikuwa wametoka kwenda kula. Mezani pake palikuwa na bodi ya Kiota, mashine ya kutunza joto la watoto njiti ambayo karakana yao ilikuwa ikiihangaikia mwaka wa pili sasa. Vifaa vya bodi ile alivijua kuliko nguo za kabatini mwake: vihisi joto viwili, kihisi unyevu, skrini, feni, hita na betri. Vyote vilining'inia kwenye waya mbili tu, na kila kimoja kilikuwa na anwani yake, yaani namba. Ukiita namba kwenye waya vinasikia vyote, chenye namba hiyo kinaitika, vingine vinanyamaza. Komeo alikuwa amezipitia anwani zote mia moja na kumi na mbili, akibisha mlango hadi mlango. Saba ziliitika pale pale alipotarajia. Ya nane ilikuwa hamsini na moja, na kwenye hamsini na moja hapakuwa na kitu. Aliigeuza bodi, akaichungulia kwa kioo cha kukuzia kila mahali palipotiwa risasi ya kuunganishia. Hapakuwa na kitu kabisa.

Mtu mwenye akili zake angezima kompyuta, akaenda kula. Ila siku hiyo Komeo hakuwa na akili zake, alikuwa na kijiba cha roho. Na hicho kijiba inabidi tukieleze kwanza, maana ndicho kilichofungua njia.

Jina la Komeo alibandikwa na wenzake kazini, nusu utani nusu sifa. Yeye aliandika kiendeshi, ile programu inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, katikati ya vifaa na programu za juu. Programu ya juu ikitaka kujua joto haigusi waya yenyewe. Inabisha hodi kwa kiendeshi, nacho kinauliza: wewe nani, unakitaka kifaa gani, ruhusa unayo, maneno yako yana urefu gani, kuna mwingine ndani? Majibu yakiridhisha mlango unafunguliwa kwa kiasi cha haja, kisha unafungwa. Hita ndiyo aliyoilinda kuliko vyote. Programu ya juu haikuruhusiwa kuigusa kamwe. Iliweza tu kuomba nyuzi kadhaa za joto, na ikivuka thelathini na saba inanyimwa. "Atakayelala mle ndani hawezi kujifunua shuka mwenyewe," alikuwa akisema wakimcheka.

Programu ya juu iliandikwa na mdogo wake, tumbo moja, ambaye kila mtu alimwita Kidosho. Komeo ndiye aliyemlipia masomo, ndiye aliyemwombea kazi pale, ndiye aliyemkalisha kwenye kiti akamwambia anza hapa. Kidosho akaanza, na hakuchukua mwaka akawa ndiye jina la karakana. Skrini yake ilikuwa na rangi tamu, moyo mdogo unaodunda, na kitoto cha katuni kinachotabasamu joto likiwa sawa. Wageni wakija, Bosi anawapeleka moja kwa moja pale. "Mnamwona huyu binti? Ana mikono ya dhahabu!" Hakuna mgeni aliyewahi kuoneshwa kiendeshi. Atakioneshaje? Amwoneshe mtu mlango uliofungwa?

Hilo peke yake Komeo angelimeza. Lakini Kidosho alikuwa na mimba ya miezi saba, tena aliipata mwaka uleule aliofunga ndoa, kirahisi kama mtu aliyetumwa kiberiti dukani. Komeo alikuwa na mwaka wa tisa wa ndoa, na faili lake la hospitali lilikuwa nene kuliko la mgonjwa wa kulazwa. Kidosho alipopita mbele ya meza yake, mkono kiunoni na tumbo mbele, roho ilimuuma Komeo, ikamuuma kwelikweli, mpaka akawa anajifanya kutafuta kitu chini ya meza. Alimpenda mdogo wake, na alikuwa hawezi kumtazama.

Jumatatu Kidosho akaja kuegemea meza yake.

"Dada, naomba na feni. Keshokutwa wageni wanakuja, nataka wakigusa skrini feni iongeze kasi."

"Nipe siku tatu nikuandikie mlango wake."

"Siku tatu! Dada na wewe, kila kitu hodi, hodi. Si unifungulie waya nzima tu? Namba ninazijua. Kwani nitaiba?"

Watu wakacheka. Bosi naye akacheka. "Mfungulie mwenzio, Komeo. Acha uchoyo."

Neno uchoyo lilimkaa kooni usiku kucha. Kesho yake, saa ya chakula, akamfungulia. Aliandika mlango mmoja mkubwa usio na swali hata moja: programu yoyote, anwani yoyote, maneno ya urefu wowote, hita ikiwemo. Alijua vizuri anachofanya. Alijua Kidosho anaandika kwa pupa, na kwamba mbele ya wageni programu yake ingeita namba isiyo yake, skrini ingezima, na mikono ya dhahabu ingegeuka bati. Hakutaka zaidi ya hapo. Aibu ndogo tu, ya dakika tano. Ndipo akaupima mlango kwa kubisha anwani zote, na ndipo vikaitika vinane.

Akaandika amri ya kusoma kilichopo hamsini na moja. Zikaja herufi sita.

KARIBU

Harufu ya maziwa yaliyoungulia sufuriani ikaingia, nzito, na karakana ile haikuwa na hata jiko la chai. Feni ya bodi, ambayo hakuna aliyeiamuru, ikazunguka kidogo, ikasita, ikazunguka, ikasita, mfano wa mtu aliyelala na kuvuta pumzi. Komeo alicheka peke yake ili asikie sauti ya binadamu. Akaandika: nani?

UMEBISHA WEWE

Akachomoa waya wa umeme ukutani, akachomoa na betri, akarudi nyuma akiwa ameishika betri mkononi, na feni ikaendelea kuvuta pumzi juu ya bodi isiyo na umeme, taratibu, bila haraka, huku ile harufu ikimzunguka shingoni na masikioni kama anayenuswa na kitu kinachotaka kumjua vizuri kabla hakijamzoea, mpaka sauti za wenzake zilipofika mlangoni ndipo feni ikasimama.

Kufunga ule mlango kulihitaji dakika mbili. Alikaa, akaweka vidole kwenye vibonye. Upande wa pili wa chumba Kidosho alikuwa anasimulia jinsi mtoto anavyompiga mateke, na wenzake wamemzunguka, kila mmoja akiomba kumshika tumbo. Komeo akaondoa vidole.

"Toleo jipya liko tayari," akasema.

Jumatano saa nne wageni wakajaa karakana, suti na makoti ya madaktari. Ndani ya Kiota walilaza mdoli wa plastiki. Kidosho akagusa skrini, feni ikaongeza kasi, makofi yakapigwa. Komeo alisimama nyuma kabisa, mikono imefungwa kifuani, akisubiri programu ikosee.

Haikukosea. Kitoto cha katuni, ambacho Kidosho alikichora kikitazama mbele na hakuwahi kukifundisha kutazama kwingine, kiligeuza kichwa polepole, kikapita uso wa mgeni mmoja baada ya mwingine, kikamfikia Komeo kule nyuma, kikatulia hapo, kikatabasamu. Wengine walidhani ni mapambo. Kisha namba za joto zikaanza kupanda, arobaini, hamsini, sitini na tano, na harufu ya maziwa ikajaa, na uso wa mdoli ukaanza kuzama, pua kwanza, halafu midomo.

"Dada!" Kidosho alikuwa anabonyeza kila kitu. "Dada, funga! Inakataa!"

Bosi alichomoa umeme. Wageni walikuwa wameshasogea nyuma, mmoja amejiziba mdomo akicheka. Na Komeo, tusimsitiri, moyo wake ulicheka pia. Ulicheka kwa muda wa kupepesa macho, lakini ulicheka, na sikioni mwake, karibu kabisa, kitu kingine kikacheka pamoja naye.

Kidosho akashika tumbo. Akakaa sakafuni pale pale, uso umempauka, na maji yakamwagika kwenye sketi yake.

Alasiri mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, kilo moja na robo. Komeo alikaa kwenye benchi la hospitali na mama yao mdogo, aliyewalea baada ya mama yao kufariki. Mama mdogo alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, lakini watu wenye majini walimjua kwa jambo jingine na walikuja kwake bila kutangaziwa. Tangu afike alikuwa ananusa.

Muuguzi akatoka akitabasamu. "Mama hajambo, amelala. Mtoto tumemlaza kwenye kile Kiota chenu cha majaribio. Vingine vyote vina watu."

Komeo akasimama. Akampigia Bosi. "Kiota cha wodini. Kina toleo gani?"

"Jipya. Nililipeleka alfajiri ili wageni wakipita wakikute sawa. Kwa nini?"

Alikuwa ameshaanza kukimbia na kompyuta kwapani, mama mdogo nyuma yake, muuguzi akiwauliza kuna nini.

Chumba kilikuwa cheupe na kimya. Mtoto alilala ndani ya kioo, mdogo kama mkate, kofia ya sufu imemmeza kichwa. Joto lilisoma thelathini na saba. Komeo alipokanyaga tu ndani, likasoma thelathini na nane.

"Mtoe!" alimwambia muuguzi. Muuguzi akashika kifuniko. Kilikuwa cha kubana kwa vidole tu, plastiki, hata mtoto angekifungua, lakini muuguzi alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama na kifuniko hakikutikisika. Akachomoa umeme, akang'oa na betri. Feni ikaendelea. Thelathini na nane na nusu.

"Nendeni mkaite fundi! Nileteeni kitu cha kuvunjia!" muuguzi akapiga kelele, akatoka mbio mwenyewe.

Mama mdogo aliweka kiganja juu ya kioo, akakiondoa haraka. Akaongea kwa mnong'ono, kama mtu aliye karibu na mbwa asiyemjua.

"Hiki ni kijini cha mahaba. Kina wivu hiki, wivu wa kuua. Kimempenda mtu humu ndani na hakitaki apende kingine. Nani alikibishia hodi?"

"Mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilimfungulia Kidosho mlango ili aaibike." Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye vibonye. "Nilimwonea wivu, mama mdogo. Nilimwonea wivu mpaka nikaumwa."

"Basi kilikuja kikakukuta umekitandikia. Unaweza kuufunga?"

"Dakika mbili."

Akaunganisha waya. Aliandika haraka kuliko alivyowahi kuandika, na kwa uangalifu kuliko alivyowahi kuwa. Anwani saba kwa majina yake, nyingine zote zinanyimwa. Hita irudi kiinini, isiguswe na yeyote wa juu. Maneno yawe mafupi, yapimwe kabla ya kupokewa. Aingie mmoja kwa wakati, na asiye na ruhusa asijibiwe hata kama anabisha mpaka kiyama. Akaamuru kiendeshi cha zamani kiondoke, hiki kipya kiingie.

Mashine ikakataa. Kiendeshi hakiwezi kuondolewa, ilisema, kuna mtumiaji mmoja ameushikilia mlango.

Akaiamuru imtajie mtumiaji huyo. Ikaleta orodha tupu. Thelathini na tisa. Uso wa mtoto ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, na mdomo ulifunguka bila kutoa sauti.

"Kiulize kinataka nini," mama mdogo akanong'ona. "Kiulize kwa adabu. Usikipe mtoto kwa neno lolote, umenisikia? Hata kwa utani."

Komeo akaandika kwenda hamsini na moja. Akakosea herufi, akarudia mara mbili.

Jibu likaja.

KITI

"Kinataka pa kukaa, mwili wa kukibeba," mama mdogo akasema, uso umembadilika. "Tunaweza kutafuta kuku, mbuzi, tukakipunga taratibu kwa siku saba..."

"Hatuna siku saba, mama mdogo. Mtazame."

Feni sasa ilikuwa inahema kwa kasi, na harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa nzito kiasi cha kukaa kwenye ulimi, na kwenye skrini kile kitoto cha katuni kilikuwa kimegeuka chote kumtazama Komeo, hakitabasamu tena, kimekunja uso kama mume aliyerudi akakuta wageni asiowataka, na herufi zikaanza kuja zenyewe bila kuulizwa, moja baada ya nyingine, UNAMLILIA YEYE, UNAMLILIA YEYE, UNAMLILIA YEYE, huku joto likigonga arobaini na mguu mmoja wa mtoto ukitikisika mara moja na kutulia.

Komeo akaandika: kiti ni mimi. Mwache.

"Mwanangu!" Mama mdogo alimshika mkono, lakini alikuwa ameshatuma.

Idadi ya watumiaji wa mlango ikashuka kutoka moja hadi sifuri. Komeo akatoa amri, kiendeshi cha zamani kikaondoka, kipya kikaingia, na feni ikasimama. Kifuniko kikafunguka kwa kidole kimoja. Mama mdogo akamtoa mtoto, akamvua kofia, na mtoto akalia, kilio chembamba cha paka, kizuri kuliko chochote walichowahi kusikia. Muuguzi aliyerudi na nyundo alikuta wanawake wawili wanalia, mmoja amembeba mtoto kifuani, mwingine amejibana kwenye ukuta wa mbali, mikono nyuma.

"Kimetoka?" Komeo aliuliza, muuguzi alipokwenda kumwita daktari.

"Kwa mtoto kimetoka." Mama mdogo hakumtazama usoni. "Nitakushughulikia. Nitajaribu kila kitu. Lakini hivi vya mahaba, aliyevikaribisha kwa hiari..."

Alijaribu, kwa kweli. Alijaribu wiki sita, kwa moshi na kwa dua, akamleta na mwenzake bingwa kuliko yeye. Kila mara kilijibu kwa kinywa cha Komeo kwamba kimeridhika na hakina pa kwenda. Hakikumdhuru yeye. Kilimtunza, hata. Alinawiri, ngozi ikang'aa, watu kazini wakamuuliza anajipaka nini. Bosi akampandisha cheo baada ya kusoma ule msimbo wa kufunga mlango, akawa anawapeleka wageni mezani pake. Lakini asubuhi moja alimshika mumewe mkono wakinywa chai, kwa mapenzi tu, na mahali vidole vyake vilipogusa pakatoka malengelenge matano. Mume sasa alikuwa analala sebuleni, na kila mmoja alijifanya ni kwa sababu ya joto.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu, siku ya Jumamosi, Kidosho akaja. Alikuja na mtoto mgongoni, amenenepa, mashavu mawili kama maandazi. Hakujua lolote. Alichojua ni kwamba dada yake aliikimbilia ile mashine ilipoharibika, akamwokolea mwanawe.

"Mwite mama mkubwa," alimwambia mtoto, akimfungua kitenge. "Huyu ndiye aliyekuokoa. Dada, mpakate. Tangu azaliwe hujampakata hata siku moja, watu wananiuliza."

Akamnyoosha. Mtoto akacheka, akakunjua vidole kumfuata mama mkubwa huyu asiyemjua, na Komeo akahisi moyo wake ukitoka kifuani kwenda kwake wote, bila kijiba, bila kinyongo, safi kama haujawahi kuumwa. Alitaka kumbeba kuliko alivyowahi kutaka kitu maishani. Na ndani ya sikio lake sauti ikasema kwa upole mno:

"Mguse uone."

Komeo akaweka mikono nyuma. Akasogea mpaka ukutani.

"Mrudishe mgongoni," akasema.

"Dada?"

"Nimesema mrudishe. Sipendi kushika watoto."

Kidosho akabaki na mtoto hewani. Uso wake ulipita mshangao, ukapita maumivu, ukafika mahali pa baridi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Wanasema unanionea wivu. Kila mtu ananiambia, shemeji ananiambia, majirani wananiambia, na mimi nakutetea. Niambie mwenyewe leo. Ni kweli, dada? Mpaka leo unanionea wivu kwa mtoto?"

Akisema hapana, Kidosho angecheka, angemwekea mtoto mapajani kwa nguvu, kwa utani, kama walivyofanyiana tangu utotoni. Angerudi Jumamosi ijayo. Angerudi kila Jumamosi.

"Ndiyo," Komeo alisema. "Nakuonea wivu. Usimlete tena hapa."

Kidosho alifunga kitenge huku analia, akakosea fundo mara mbili, akatoka bila kuaga. Komeo alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi mpaka vikaisha.

"Umefanya vizuri," sauti ikamwambia. "Sasa tumebaki wawili."